"Unaenda Wapi, Frateri?"



Vijana wenzangu, likizo hii nimeulizwa swali moja mara nyingi kuliko maswali yote ya mitihani ya falsafa niliyowahi kufanya. "Frateri, unaenda wapi?" Niko juu ya baiskeli, sina mzigo, sijavaa nguo za shamba, na jibu langu la kweli ni kwamba siendi popote. Naendesha tu, halafu narudi nyumbani.

Sasa jaribu kumpa jibu hilo mama mmoja anayepanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, uone atakavyokuangalia.

Kwetu ni upande wa Kilema, juu ya Himo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Parokia ya Kilema ni ya mwaka 1890, kwa hiyo imani kule ina mizizi mirefu, na kazi pia ina mizizi mirefu. Baiskeli ni ya kubebea. Inabeba ndizi, inabeba madumu, inabeba gunia la mahindi kutoka mashamba ya chini, na mwenyewe anatembea pembeni akiisukuma. Mtu mzima akionekana juu ya baiskeli tupu, anapanda kilima anahema, halafu anageuza na kushuka, watu wanaanza kuuliza kama yuko salama. Mjomba wangu alisema wazi mezani: "Huyu wamemfundisha falsafa mpaka imezidi."

Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, ya gia, kaka yangu aliinunua Moshi mjini kama zawadi ya kumaliza falsafa kabla sijaanza teolojia. Nilikuwa nahudhuria Misa ya asubuhi, nakunywa chai, halafu naondoka. Mwezi wa saba kule ni kipupwe. Asubuhi baridi inauma vidole kwenye breki, na ukiwahi unauona Kibo mweupe kabla mawingu hayajaufunika. Nashuka hadi Himo, nashika lami ya kwenda Holili, tambarare nzuri kabisa, upepo unavuma usoni, nageuza karibu na mpaka, narudi Himo, halafu napanda kwenda nyumbani. Kupanda ndiko kwenye kazi. Miguu inawaka moto, cheni inalia, na kichwani hakuna nafasi ya kuwaza chochote isipokuwa kona inayofuata. Sijui nielezeje furaha ya kufika juu. Wanaoendesha wananielewa.

Lakini swali la watu lilinisumbua. Mwezi wa saba ni wakati wa kuvuna. Wazazi wangu wako shamba la chini, na mimi, kijana mwenye nguvu, nazunguka na baiskeli kwa saa mbili kabla sijawafuata. Je, hii ni halali? Au ni uvivu uliovaa kofia ya michezo?

Nikarudi kwenye madaftari yangu. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliuliza swali hili karne ya 13, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 168. Anauliza kama kunaweza kuwa na fadhila katika michezo. Jibu lake ni ndiyo. Anasema roho nayo huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko la roho ni furaha. Ili kueleza anasimulia kisa cha zamani kuhusu Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walikwazika kumkuta Yohane akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale. Akapiga. Akamwambia apige tena, na tena. Kisha akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo akili ya mtu ikivutwa muda wote bila kulegezwa.

Thoma anakwenda mbali zaidi. Anafundisha kwamba hata kukosa kabisa uchangamfu, kuwa mtu mzito asiyecheza na asiyewaacha wengine wacheze, kunaweza kuwa dhambi, kwa sababu ni kinyume cha akili na ni mzigo kwa wenzako. (Nilimsomea mjomba sehemu hii. Alisema Thoma hakuwa na shamba la mahindi.)

Ila Thoma anaweka masharti, na hapa ndipo wengi wetu tunapofunga kitabu mapema. Anataka burudani isiwe ya matendo au maneno machafu au ya kumdhuru mtu. Anataka akili isipoteze mizani yake. Na anataka burudani ilingane na mtu, wakati na mahali. Niliposoma nilijipa alama zote tatu haraka sana. Sharti la pili nililipita kama mtu anayepita njia panda bila kuangalia kulia wala kushoto.

Maana kulikuwa na simu.

Nilikuwa nimeweka programu ya kurekodi safari. Inakuhesabia kilomita, mwendo, na muda uliotumia kila kipande cha njia. Wiki ya kwanza nilipanda kutoka Himo hadi nyumbani kwa dakika 48. Nikasema, si mbaya. Wiki ya pili 45. Basi hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Nikaanza kulala nikiwaza dakika. Rozari niliyokuwa nasali kwenye tambarare ya Holili nikaiacha, kwa sababu nilihitaji kuvuta pumzi vizuri. Kuku akikatiza njia nakasirika. Mtu akinisalimia najibu kwa kunyanyua kidole kimoja kwenye usukani. Ukiniuliza wakati ule ningekuambia napumzika, kumbe nilikuwa nimeajiriwa na simu yangu mwenyewe, na bosi huyo haridhiki.

Katikati ya mlima kuna kona yenye mti mkubwa wa mringaringa. Chini yake kila asubuhi alikuwa anakaa mzee mmoja, katekista mstaafu. Ndiye aliyenifundisha mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, akitukaririsha sala na fimbo ikiwa mezani, ingawa sikumbuki hata siku moja ameitumia. Kila nilipopita alinyanyua mkono na kuita, "Frateri!" Na mimi, dakika zinakimbia, kona hiyo ndiyo mahali pa kubadilisha gia, naitikia, "Shikamoo mzee!" na kabla hajamaliza marahaba nimeshapita. Ilikuwa hivyo karibu wiki tatu. Siku moja alisimama kabisa, ameshika mti. Nikapita. Siku hiyo nilipata dakika 41. Nakumbuka hilo kwa sababu niliwatumia rafiki zangu picha ya ile namba.

Wiki iliyofuata hakuwepo chini ya mti. Sikujali sana. Baada ya siku nne ndipo nikamuuliza mama.

Mama akaniambia, "Binti yake amemchukua Arusha, miguu imekataa. Alikuwa anakusubiri wewe pale."

"Ananisubiri mimi? Kwa nini?"

"Alitaka umwambie Paroko. Hajapokea Komunyo tangu Pasaka."

Jamani. Nilikaa chini.

Mambo yalikuwa hivi. Mzee alikuwa hawezi tena kutembea mpaka kanisani. Aliweza kufika mtini tu, hatua chache kutoka mlangoni. Lakini kwa kuwa kila mtu alimwona amekaa nje asubuhi, amevaa koti lake, anasalimia wapita njia, hakuna aliyefikiri kwamba ni mgonjwa. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya wagonjwa wanaopelekewa Ekaristi. Na mtu aliyewafundisha wengine miaka yote kuheshimu taratibu za Kanisa aliona aibu kumtuma mtoto wa jirani kwa Paroko. Akaona frateri anapita kila siku na baiskeli. Akasema moyoni, huyu ni mtoto wangu wa Komunyo, atasimama.

Hapa naomba mnaosoma haya kwenye kikundi, iwe VIWAWA au TYCS, mfungue Marko sura ya 6, aya ya 30 hadi 34. Ni Injili ya Dominika ya 16 ya Mwaka B, ambayo huangukia mwezi huu huu wa saba. Isomeni polepole.

Mitume wamerudi kutoka utumeni, wamechoka, watu wanaingia na kutoka mpaka hawapati hata nafasi ya kula. Anayewaambia waende faraghani wakapumzike ni Yesu mwenyewe. Hawakuomba ruhusa, wamepewa amri. Kwa hiyo yeyote anayekuambia Mkristo mzuri hapumziki, mpeleke hapo. Wanapanda mashua. Lakini watu wanawaona, wanakimbia kwa miguu, wanafika kabla yao. Yesu anashuka, anauona ule umati, anawaonea huruma, anaanza kuwafundisha.

Mwanzoni nilikuwa nasoma habari hii kama habari ya likizo iliyoharibika. Sasa naona pumziko walilipata. Lilikuwa ndani ya mashua, lile vuka la ziwa, pengine fupi. Halafu ukisonga mbele mpaka aya ya 45 na 46, baada ya umati kula mikate, Yesu anawatanguliza wanafunzi kwa mashua na yeye anapanda mlimani peke yake kusali. Pumziko limerudi. Lilisogezwa tu, kwa sababu kulikuwa na watu ufukweni. Anayepumzika kweli anaweza kusogeza pumziko lake bila kuona ameibiwa. Mimi nilikuwa siwezi kutoa dakika mbili. Kwa hiyo jiulizeni kikundini: kitu unachokiita burudani yako, mpira, simu, mazoezi, kwaya hata, mtu akikikatiza unakuwaje? Ukipandwa na hasira, huenda siyo burudani tena. Na swali la pili, gumu zaidi: ni nani anayeonekana mzima kwenye jumuiya yenu kwa sababu tu mnamwona kila siku?

Nisieleweke vibaya. Sisemi mwendo kasi ni dhambi. Kuna mwendesha baiskeli ninayempenda sana, Gino Bartali wa Italia. Alishinda mbio za Tour de France mwaka 1938, na akashinda tena mwaka 1948, miaka kumi baadaye. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, na mtu wa kasi kwelikweli. Katikati ya ushindi huo miwili kulikuwa na vita. Wajerumani walipoikalia Italia, Kardinali Elia Dalla Costa wa Firenze alikuwa na mtandao wa kuwaficha Wayahudi, na ushuhuda uliokusanywa unasema Bartali alibeba hati za bandia ndani ya bomba za baiskeli yake, akijifanya anafanya mazoezi. Askari wakimwona wanamwona bingwa tu anayejinoa. Alipokuwa hai hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Alifariki mwaka 2000, na mwaka 2013 Yad Vashem ya Yerusalemu ikamtambua kuwa mmoja wa Wenye Haki Kati ya Mataifa. Huyo naye alipita vijijini kwa kasi na baiskeli tupu. Angeulizwa anaenda wapi, angejibu naendesha tu. Mwendo wetu ulifanana kwa nje. Tofauti ilikuwa ndani ya bomba.

Na kwa taarifa yenu, waendesha baiskeli tuna Mama yetu. Juu ya Ziwa Como, Italia, kuna kikanisa cha Madonna del Ghisallo, na mwaka 1949 Papa Pio XII alimtangaza Bikira Maria wa hapo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Ndani kumetundikwa baiskeli na fulana za mashujaa wa mbio. Njia ya kufika huko ni mlima mkali. Nimefurahi kujua kwamba hata kwa Mama unafika ukihema.

Nilikwenda kwa Paroko siku ile ile, kwa miguu. Nilimweleza kila kitu, pamoja na zile dakika 41. Hakunikaripia, na ingekuwa afadhali angenikaripia. Alimpigia padre wa parokia anakoishi binti wa mzee kule Arusha, na Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nane mzee alipelekewa Ekaristi kitandani.

Jioni hiyo nilimpigia simu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, yamepangwa vizuri kama hoja ya darasani. Alinikatiza.

"Baiskeli bado inakwenda?"

"Inakwenda, mzee."

"Unakanyaga kweli wewe! Nilikuwa nawaambia wajukuu, tazameni frateri." Akacheka, kisha akakohoa kidogo. "Nilitaka kukusimamisha, ila nikasema, acha. Huyu ana haraka, lazima Padre amemtuma mahali."

Sikujua niseme nini. Nikamwambia ukweli, kwamba sikuwa nimetumwa na mtu yeyote.

"Basi siku nyingine kaa hapo mtini," akasema. "Pana kivuli kizuri."

Nimekaa pale asubuhi tatu sasa, baiskeli imeegemea mti. Ya kwanza nilikaa peke yangu. Ya pili walipita watoto wakaomba kupiga kengele. Jana amepita bibi mmoja na ndoo, akasimama, akaniangalia mimi, akaiangalia baiskeli, akauliza kama nimepata pancha.