Siku Moja kwa Baiskeli na Pikipiki, Embu Hadi Meru: Mwili Unadai Nini?

Barabara ya lami itokayo Embu, ikapitia Chuka na Nkubu hadi Meru, ni mojawapo ya zile zinazopendeza macho zaidi humu nchini. Ukielekea Meru, upande wa kushoto umesimama Mlima Kenya wenye kimo cha mita 5,199. Upande wa kulia ardhi inateremka polepole kuelekea nyanda za joto za mto Tana. Katikati ni mashamba ya kahawa na migomba, na juu zaidi ni majani chai.

Lakini kinacholeta uzuri huo ndicho pia kinacholeta hatari. Mito itokayo mlimani, kama vile Thuci, Nithi na Mutonga, imechimba mabonde marefu, nayo barabara inayakata moja baada ya jingine. Msafiri huteremka, akavuka daraja, akapanda, kisha akateremka tena. Ni katika daraja la Nithi ambapo mnamo Julai 24, 2022, basi lililotoka Meru likielekea Pwani lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa. Ikiwa mteremko huo unaweza kulishinda basi, mwenye magurudumu mawili hana budi kuuheshimu.

Somo letu wiki hii ni kuhusu yale ambayo mwili hupitia katika safari ya siku moja kwenye barabara kama hii, kwa baiskeli au kwa pikipiki, na jinsi ya kufika salama.

MWENDESHA BAISKELI

Baiskeli ni dawa isiyouzwa dukani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Anayeendesha baiskeli nusu saa kwenda sokoni, siku tano kwa wiki, tayari amefikisha kiwango cha chini. Mazoezi ya aina hii huimarisha moyo, hupunguza shinikizo la damu na husaidia mwili kutumia sukari ipasavyo.

Hata hivyo, kuvuka mabonde haya si sawa na kwenda sokoni. Baiskeli nyingi vijijini ni zile nzito ziitwazo Black Mamba, ambazo hazina gia za kubadilisha. Katika mwinuko mkali, mapigo ya moyo hupanda haraka mno. Ukiona huwezi kusema sentensi moja bila kutweta, shuka uisukume. Hilo si jambo la aibu. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha au kisukari amwone daktari kabla ya kujaribu safari ndefu. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au jasho la baridi ni ishara ya kusimama mara moja na kutafuta matibabu.

Magoti nayo huumia kwa sababu ndogo, yaani kiti kilicho chini mno. Keti kitini na ukanyage pedeli moja hadi chini kabisa. Mguu wako unapaswa kuwa karibu kunyooka, goti likiwa limekunjika kidogo tu.

Kuhusu maji, mwili unaofanya kazi juani unaweza kupoteza lita moja ya jasho au zaidi kwa saa. Usingoje kiu ikuzidi. Kunywa kidogo kidogo njiani, na ule chakula chenye chumvi kiasi. Ndizi mbivu za Chuka au Nkubu ni chakula kizuri cha safari, kwani hutoa nguvu upesi na hazilemei tumbo. Mkojo wa rangi nyepesi huonyesha kwamba maji yanatosha. Ukiwa wa rangi nzito, umechelewa kunywa.

Jua pia lisidharauliwe. Kati ya Nkubu na mji wa Meru barabara inavuka Ikweta, na kadiri unavyopanda ndivyo miale inayochoma ngozi inavyozidi, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Upepo wa mlimani humfanya mtu asihisi joto, kumbe anaungua. Shati la mikono mirefu husaidia.

MWENDESHA PIKIPIKI

Wengi hudhani kwamba anayeendesha pikipiki hachoki kwa kuwa injini ndiyo inayofanya kazi. Ni kweli kwamba moyo wake haupati zoezi lolote la maana, lakini mgongo, shingo na mikono hutikisika mchana kutwa. Vidole hufa ganzi na macho hukaushwa na upepo. Uchovu huo humnyang'anya mtu wepesi wa kuamua. Pumzika angalau kila baada ya saa mbili, ushuke, ujinyooshe na utembee.

Kuna wale wanaotafuna miraa ili wasisinzie. Miraa huficha uchovu lakini haiuondoi. Pia hupandisha mapigo ya moyo na humfanya mtu ajione ana uwezo kuliko alio nao. Nguvu yake inapokwisha, usingizi humvamia ghafla. Dawa ya usingizi ni kulala. Na kuhusu pombe hakuna mjadala, isitumiwe kabisa.

Jambo jingine ni baridi. Kati ya Juni na Agosti miteremko hii hufunikwa na ukungu na manyunyu. Mtu aliyelowa jasho au mvua akiteremka kwa kasi, vidole hukauka kwa baridi hata akashindwa kuvuta breki upesi. Glavu na koti zito ni sehemu ya usalama.

SIRI YA MTEREMKO

Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Chukua pikipiki yenye dereva na abiria, uzani wote ukiwa kilo 250. Ikiteremka kimo cha mita 100 kwa breki peke yake, joto linaloingia kwenye breki linatosha kuchemsha vikombe viwili vya chai. Breki iliyopata joto kupita kiasi hulegea, na mara nyingi hulegea karibu na daraja, mahali unapoihitaji zaidi.

Hivyo basi, zingatia haya:

1. Punguza mwendo kabla ya mteremko kuanza. Usingoje hadi uwe katikati yake.

2. Weka gia ya chini na uiache injini ikuzuie. Mtindo wa kuzima injini au kuweka gia huru ili kuokoa petroli ni hatari kubwa. Petroli hiyo haitoshi kununua hata bandeji.

3. Tumia breki zote mbili kwa pamoja. Bana, kisha achia, ili zipate kupoa. Mwenye baiskeli afanye vivyo hivyo, na akague mipira ya breki kabla ya kuondoka nyumbani.

4. Kumbuka kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kufunga breki huongezeka mara nne. Kwa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde, kabla hata mkono haujafika kwenye breki.

Isitoshe, kujigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha karibu mita 10, yaani kama kurukia chini kutoka ghorofa ya tatu.

KICHWA HAKINA SPEA

Mfupa uliovunjika huunga, lakini ubongo uliopondeka aghalabu haurudi ulivyokuwa. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa kwa asilimia 42, na ile ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sheria ya Kenya nayo inadai helmeti na koti lenye kuakisi mwanga, na hairuhusu zaidi ya abiria mmoja.

Baadhi ya abiria hukataa helmeti ya bodaboda kwa kuogopa chawa au mapunye. Hofu hiyo ina dawa rahisi, nayo ni kujifunga kitambaa chako safi kichwani kwanza. Ukanda wa kidevuni ufungwe, kwani helmeti isiyofungwa hutangulia kuanguka. Akina mama wakunje leso na vitambaa vyao vizuri visinaswe na cheni au spoku. Miguu iwekwe mbali na ekzosi.

AJALI IKITOKEA

Kwanza, zuia magari yasije yakawagonga waokoaji. Piga simu 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Damu inayotoka ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Anayelalamika kuhusu shingo au mgongo asiinuliwe wala kuketishwa, ila tu kama kuna moto au hatari nyingine pale alipo. Asivuliwe helmeti kwa nguvu. Asipewe maji wala chai.

Aliyechomwa na ekzosi amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, yai wala mafuta.

Kabla ya kuanza safari, fahamu hospitali zilipo. Katika njia hii kuna za Embu, Chuka, Chogoria, Nkubu na Meru.

JIPIME

Je, unaweza kueleza kwa nini breki hulegea mteremkoni? Kiti chako cha baiskeli kina kimo kinachofaa? Abiria wako ana helmeti ya kumtosha? Kama jibu la swali lolote ni la, lirekebishe leo, kabla ya safari ya kesho. Mwenda pole hajikwai.