Sentimita Sita za Mlango: Niliyojifunza Nikimtunza Baba

Baba yangu amekuwa seremala Kisauni, Mombasa, kwa zaidi ya miaka arubaini. Mwaka 2022, akiwa na miaka 74, alijikwaruza kidole cha mguu. Kwa ugonjwa wa sukari kidonda kikakataa kupona, kikapanda hadi kifundoni, na madaktari wakamkata mguu wa kulia chini ya goti. Tulimrudisha nyumbani siku ya Ijumaa. Tangu hapo nimepanga foleni nyingi kwa niaba yake, nikagundua kwamba misaada ya wazee na watu wenye ulemavu ipo, tena mingi kuliko nilivyodhani. Ila mingi hukwama hatua chache kabla ya kumfikia mwenyewe. Hukwama kwenye ngazi, kwenye kidole, hata kwenye mlango. Nayaandika haya kwa mwana au binti ambaye mzee wake ametoka hospitali wiki hii.

1. Pima mlango kabla ya kuleta kiti

Kiti cha magurudumu cha kwanza tulikipata bure, kwenye hafla ya hadhara. Viti vilipangwa safu uwanjani, vyote saizi moja. Picha zikapigwa, dua ikasomwa, nasi tukarudi kwa tuktuk tukishukuru. Waliotoa walitoa kwa moyo, na sitaki kuwavunja moyo. Lakini hakuna aliyempima Baba. Yeye ni mwembamba, kiti kilikuwa kipana, kwa hiyo akawa anaegemea upande mmoja kutwa nzima juu ya kitambaa kisicho na mto. Wiki ya tatu dada yangu, alipokuwa akimwogesha, aliona wekundu kwenye tako, pale mfupa unapokalia. Wiki ya nne ngozi ikachanika. Kidonda kile kilituchukua miezi miwili ya kusafisha na kufunga asubuhi na jioni, na Baba akilala kifudifudi kama mtoto.

Halafu kulikuwa na choo. Jioni ya kwanza tulimsukuma mpaka mlangoni, kiti kikagota. Tukakigeuza, tukajaribu kukiingiza kinyumenyume, kikagota tena. Baba akasema nimletee futi yake kwenye sanduku la vyombo vya kazi. Akaushika mkanda mwenyewe, akapima kati ya mwimo na mwimo. "Sitini." Akapima kiti, kutoka ukingo wa gurudumu moja hadi la pili. "Sitini na sita." Akaurudisha mkanda taratibu, asiseme neno. Mlango ule aliuunda yeye, mwaka tuliohamia nyumba ile.

Kwa ajili ya sentimita sita, mzee wa watu akawa anajisaidia kwenye ndoo nyuma ya pazia, na bintiye ndiye wa kuimwaga. Tukaanza kuona chai yake inabaki nusu kikombe, na maji hayagusi. Ilinichukua muda kuelewa: alikuwa anajinyima maji ili asimsumbue dada. Mgonjwa wa sukari, kwenye joto la Mombasa.

Kiti kilichomfaa tulikipata kwa mafundi wa APDK, chama kinachowahudumia watu wenye ulemavu wa viungo Kenya tangu 1952. Karakana zao za Bombolulu, ambako watu wenye ulemavu hufanya kazi za mikono, zipo tangu 1969, na nimezipita maisha yangu yote bila kujua kwamba siku moja nitazihitaji. Fundi alimpima Baba upana wa nyonga, urefu wa paja na urefu wa mguu uliobaki. Akauliza uani kwetu kuna mchanga au saruji. Akauliza upana wa milango, na Baba akamtajia yote kwa kichwa, mmoja baada ya mwingine. Walimpa kiti chenye mto, wakamfundisha kujiinua kwa mikono kila baada ya muda ili damu ipite. Nilikuja kujua kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 unaotaka hivyo hivyo: mtu apimwe, kiti kirekebishwe kimkae, afundishwe kukitumia, na afuatiliwe baadaye. Kumkabidhi mtu kiti bila kumpima ni kama kumpa dawa bila kumuuliza anaumwa nini.

Mlango wa choo aliupanua mwanafunzi wake wa zamani, kwa siku mbili, Baba akimwelekeza kutoka kwenye kiti. Sasa una sentimita 80 na unafungukia nje, na ukutani kuna bomba la kushikilia. Siku ya kwanza aliingia peke yake akafunga kwa ndani. Dada alisimama uani mkono mdomoni. Usiku ule Baba alikunywa bilauri mbili za maji.

2. Mwambie ofisa ashuke

Ili mtu atambuliwe kuwa na ulemavu, madaktari wa hospitali ya serikali humkagua na kuandika ripoti, kisha Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu humpa kadi. Kadi hiyo hufungua milango mingine. Katika kuzungusha karatasi zile tulielekezwa ofisi moja, sitaitaja, ambayo iko ghorofa ya kwanza na haina lifti. Ofisi ya kuwahudumia watu wasioweza kupanda ngazi, juu ya ngazi.

Vijana wawili waliokuwa pale chini wakajitolea kumbeba. Baba akashika magurudumu yake kwa nguvu. "Wanangu, Mungu awalipe. Lakini mimi si gunia la mchele." Niliona aibu, nikaanza kumbembeleza. Hapo ndipo nilipokosea, maana nilikuwa upande wa ngazi. Askari wa mlangoni ndiye aliyepata akili: alipanda juu, na baada ya dakika kumi akashuka na mama mmoja mwenye faili kwapani. "Shikamoo, Mzee. Niwie radhi." Akakaa kwenye benchi la wageni, akajaza fomu juu ya goti lake. Kazi yote haikufika robo saa.

Baadaye nilisoma ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010, inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwenye maeneo yote, usafiri wa umma na habari kwa njia inayofaa. Tangu siku hiyo simbembelezi Baba tena akubali kubebwa. Nasimama chini, nasalimia vizuri, naomba mhusika ashuke. Sijakataliwa hata mara moja. Jambo hili lingenifaa mwaka wa kwanza, kama kuna mtu angeniambia.

3. Kidole kikikataa, jaribu kingine

Mpango wa Serikali wa Inua Jamii humlipa shilingi 2,000 kwa mwezi mzee aliyetimiza miaka 70, na tangu 2018 hauangalii tena kama ni maskini au la, unaangalia umri. Kwa nyumba yetu zile fedha ni pamba, plasta, nauli ya tuktuk kwenda kliniki na mboga ya wiki kadhaa. Kwa Baba ni zaidi ya hapo. Siku alipozipokea mara ya kwanza alimpa dada noti moja, akasema, "Hiyo ya nyumba, kutoka kwangu."

Kabla ya kufika hapo palikuwa na mashine ya alama za vidole, kwa wakala. Baba akaweka kidole gumba. Mashine ikakataa. Akafuta jasho, akaweka tena, ikakataa tena. Wakala, kijana mpole, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli huyu ndiye mwenye kitambulisho. Nikamgeuza Baba kiganja. Miaka arubaini ya randa na msasa imevilamba vidole vile mpaka vikawa laini kama ubao uliopigwa vanishi. Hata mimi nilikuwa sijawahi kuviangalia hivyo. Tukajaribu vyote kumi, na kilichokubali ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile ambacho hakikupata kazi nyingi.

Nimeona wakulima, wavuvi na kina mama wa dobi wakikwama hapo hapo. Kwa hiyo jaribu kila kidole, na usiku wa kuamkia siku hiyo mpake mzee mafuta mikononi. Muhimu zaidi, mwandikishe mapema msaidizi anayeweza kumpokelea, awe mtu anayelala nyumba moja naye na ambaye yeye mwenyewe amemkubali. Muulize faraghani, wana wengine wasiwepo.

4. Angalia mguu uliobaki

Hili ni fupi. Akili zetu zote zilikuwa kwenye mguu uliokatwa. Aliyetukumbusha mguu wa pili ni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaani kwetu, mmoja wa wale zaidi ya 100,000 waliopewa vifaa na kuanza kazi rasmi Septemba 2023. Alikuja na mkoba wake, akampima sukari na presha pale pale barazani. Kisha akapiga magoti, akamvua kandambili ya kushoto na kuangalia kila nafasi kati ya vidole. Kisiginoni kulikuwa na ufa mdogo ambao Baba hakuusikia, maana sukari huua hisia za mguu. Tuliuwahi. Sasa kila jioni dada huweka kioo kidogo chini ya wayo, na Baba huukagua mwenyewe. Posho ya mhudumu yule ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali ya Taifa na nusu kutoka kaunti. Nikizifikiria nyumba anazozungukia, naona tunamdai kazi kubwa kwa malipo madogo sana.

5. Anayetunza naye ahesabiwe

Ibara ya 57 ya Katiba inasema mzee ana haki ya kupata matunzo na msaada kutoka kwa familia na Serikali. Neno "familia" likishuka hadi nyumbani huwa ni mtu mmoja, na mara nyingi ni mwanamke. Kwetu alikuwa dada. Alikuwa akikaanga mahamri alfajiri na kuyauza stendi. Baba alipokatwa mguu akalizima jiko, tukaona ni kawaida. Mimi nilikuwa nashughulikia ofisi, na kila mtu alinisifu kwa kumhangaikia baba yangu. Yeye, aliyeamka saa nane usiku kumgeuza ubavu, hakusifiwa na mtu.

Mtaani tuna chama cha kuzikana. Kila nyumba hutoa shilingi 200 kwa mwezi, na msiba ukitokea chama hununua sanda, huleta turubai na wali. Katika mkutano mmoja, walipofika kwenye mengineyo, dada akasimama. Si msemaji. Alikuwa amejifunga leso ya kazini, ile yenye madoa ya dawa. "Baba yangu akifa kesho najua mtakuja wote. Nawaomba mmoja aje Jumatano, akiwa hai."

Watu walinyamaza, kisha shangazi mmoja wa mtaani akasema Jumatano ni yake. Mwingine akachukua Jumamosi asubuhi. Mweka hazina akapendekeza shilingi 50 katika kila 200 ziwe za wagonjwa walio majumbani, zinunue pamba na nepi za watu wazima, na zilipe tuktuk za kliniki. Ilipita bila ubishi. Vijana wa msikiti nao walimwaga saruji ya mteremko pale kwenye kizingiti cha msikiti, na Baba akarudi kuswali jamaa. Nyumba tatu mtaani sasa zina zamu kama yetu. Dada amewasha jiko tena, siku nne kwa wiki.

6. Muulize mwenyewe

Tuliwauliza madaktari wanasemaje, chakula gani kinakatazwa, dawa saa ngapi. Ilipita karibu miaka miwili kabla sijamuuliza Baba anataka nini. Akajibu papo hapo, kama aliyekuwa akisubiri: "Nikatieni miguu ya ile meza." Tukaikata meza yake ya kazi mpaka ikamfika kifuani akiwa amekaa, tukaiweka kivulini chini ya mkungu.

Mwezi uliopita jirani wa ng'ambo ya barabara alipatwa na kiharusi, na mwanawe akaja kuuliza habari za kiti. Kabla sijafungua mdomo Baba alikuwa ameshachukua futi na penseli, anasukuma magurudumu kuelekea barabarani. Nikamfuata. Alipima mlango wao wa choo mara mbili, juu na chini, maana miimo ya zamani hupinda. "Sitini na nne," akaniambia. "Andika."