Lete Jani, Usilete Jina

Kijitabu cha afya kwa nyumba za Bunia zinazolima bustani pamoja

Kikundi cha bustani hakihitaji muhuri wala kamati ya watu kumi na wawili. Nyumba tano au sita za avenue moja zinatosha, pamoja na kipande cha ardhi karibu na maji. Asiye na ardhi atajaza udongo kwenye gunia, alitoboe ubavuni na kupanda pande zote. Hata katikati ya mahema ya kambi ya Kigonze gunia linapata mahali pa kusimama. Kama tayari mnacheza likelemba, kazi ni nyepesi zaidi: siku ya kukusanya franga iwe pia siku ya kugawana miche.

Sheria ya kikundi ni moja tu, na ndiyo jina la kijitabu hiki. Bunia ni mji wa lugha nyingi. Jani lina jina lake kwa Kialur, lingine kwa Kilendu, lingine kwa Kibira, lingine kwa Kinande. Ukifika sokoni, Kilingala na Kifaransa vinaongeza yao. Na mara nyingine jina moja linabeba majani mawili tofauti, moja la kupika na moja la kuumiza. Jirani akikuambia kupitia ukuta wa nyumba, "Chemsha ile chungu, itakusaidia," hujui bado amekuambia nini, maana majani machungu ni mengi kuliko wagonjwa. Basi anayetaka kufundisha dawa ya nyumbani aje na tawi zima, lenye majani na ua kama lipo. Lipite mkono kwa mkono, linuswe, litazamwe mgongo na tumbo. Wazee wakibishana juu yake na wasielewane, siku hiyo halinywewi.

Mikutano ifuate mvua

Mvua zetu huanza karibu na Machi, hupungua kidogo Juni na Julai, kisha hurudi kwa nguvu kuanzia Agosti hadi Novemba. Desemba hadi Februari ni kiangazi.

Mkutano wa Machi ni wa kupanda. Lengalenga huanza kuchumwa baada ya wiki nne hivi, kwa hiyo ndilo linalowapa wanachama wapya moyo. Mchaichai haupandwi kwa mbegu: gawanya kishina cha jirani, kila chipukizi na mizizi yake. Tangawizi inataka subira ya miezi minane hadi kumi; ile mnayoifukia Machi mtaichimba kiangazi.

Mvua hiyohiyo inayootesha mboga inaleta mbu wa malaria. Zibeni madimbwi yaliyo karibu na nyumba. Na tuseme wazi jambo ambalo kila mtu ameliona: chandarua kikizungushiwa miche ili kuku wasiingie, kuku wanazuiwa kweli, lakini mtoto analala wazi. Kwa kuku tumieni matete au miiba. Chandarua kizima ni cha kitanda.

Mkutano wa Agosti ni wa kupanda mara ya pili na kusimuliana yaliyooza na yaliyoliwa na wadudu. Mbolea ya mavi ya mbuzi au ya kuku iachwe ioze miezi kadhaa kabla ya kutiwa shambani, maana mbichi inabeba vijidudu na mayai ya minyoo mpaka kwenye sahani. Maji ya mto yanatosha kwa kumwagilia chini kwenye mizizi, lakini hayafai kuoshea kitu kitakacholiwa kibichi. Kipindupindu tunakijua, kule pwani ya Ziwa Albert, Kasenyi na Tchomia, hakijawahi kuwa hadithi ya mbali.

Kiangazi ni wakati wa kukausha. Majani yakaushwe kivulini, juu ya kitambaa safi, yakigeuzwa kila siku, kwa kuwa jua kali linayapotezea harufu na sehemu ya vitamini. Yakivunjika kama karatasi yamekauka; yakikunjwa bila kuvunjika yataota ukungu ndani ya chupa. Yenye ukungu hayapepetwi, yanatupwa.

Sufuria kabla ya kikombe

Watu wengi wanaingia kikundini wakitafuta dawa, lakini faida kubwa ya bustani iko kwenye sufuria. Lengalenga lina madini ya chuma, ambayo mwili unayahitaji kutengeneza damu. Kamulia ndimu juu yake mezani na mwili utayachukua vizuri zaidi. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula inafanya kinyume, inayazuia, hivyo isogeze mbele saa moja au mbili.

Mafuta ya mawese yana rangi nyekundu kwa sababu ya kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, ile inayolinda macho ya watoto. Yakiachwa motoni mpaka yawe meupe, kama wengi wetu tunavyopenda, utajiri huo umeungua na moshi wake umeingia kifuani mwa mpishi. Sombe nayo ina sumu ndani yake ikiwa mbichi; kule kuitwanga sana na kuichemsha kwa muda mrefu bila kuifunika si ufundi wa ladha tu, ndiko kunakoiondoa. Ukiona mtu anaikatakata haraka haraka ili kuokoa makala, mkataze.

Kwa mwenye tansio, yaani shinikizo la damu, seleri, puaro, kitunguu saumu na pilipili vina kazi muhimu: vinaipa mboga harufu, chumvi ipunguzwe bila mtu kunung'unika.

Kikombe

Mchaichai ni kinywaji kizuri cha asubuhi, basi. Hauponyi malaria. Tangawizi inatuliza kichefuchefu, jambo ambalo hata utafiti wa hospitali umelithibitisha. Kikohozi cha mafua kinapata nafuu kwa maji ya vuguvugu yenye ndimu na asali, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba kijidudu kinacholegeza misuli yake. Na mtoto wa chini ya miezi sita ananyonya tu. Hapewi chai ya majani, hata ya bibi.

Kuharisha kunataka maji ya chumvi na sukari kabla ya jani lolote: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Anywe kidogo kidogo kila anapoharisha, huku mkimtafutia vidonge vya zinki kituo cha afya.

Kujifukiza kwa majani ya mkalitusi kunafungua pua kwa muda, lakini sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto imeunguza wengi. Mtoto asifukizwe. Aliyeungua awekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Ute mweupe wa aloe unaweza kufuata kama ngozi haijafunguka. Utomvu wake wa manjano unaharisha vikali na mwenye mimba asiumeze kamwe.

Habari ya artemisia

Hapa ndipo mikutano huwaka moto, kwa hiyo tukae kidogo. Ni kweli kwamba dawa bora ya malaria imetoka kwenye artemisia. Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini yeye hakuchemsha chai. Alipoona kwamba moto unaharibu kile alichokitafuta, aliyakamua majani kwa kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na kilichopatikana kikapimwa, kikawekwa kwenye vidonge vyenye kipimo kile kile kila siku. Kikombe chako hakina kipimo. Cha leo kikali, cha kesho maji matupu. Homa inashuka, vimelea vichache vinabaki, na vinavyobaki vinajifunza kuizoea dawa. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono chai ya artemisia kwa kutibu wala kuzuia malaria. Mwenye kuipanda aipande, lakini homa ipimwe kwa tone la damu kidoleni siku hiyohiyo au kesho yake.

Tena, kwetu homa si malaria peke yake. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha 25 Juni 2020 ilianza kwa wengi kama homa ya kawaida. Ndoo ya kunawia mikono mliyoizoea siku zile irudi mlangoni.

Yasiyofanywa

Kumpiga mtoto bomba la majani, tangawizi au pilipili kwa nyuma kunamuunguza utumbo na kumkausha maji. Mama mwenye uchungu asipewe dawa ya kuharakisha: mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Kitovu cha mtoto mchanga kisitiwe majani, majivu wala mavi ya ng'ombe, ni mlango wa pepopunda. Jani halikamuliwi jichoni.

Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au anayelala asiamke vizuri, msimtafutie jani. Mbebeni, iwe usiku au mvua.

Daftari la Januari

Kiangazi kikundi kinunue daftari moja. Kila jani lililokubaliwa libandikwe likiwa kavu, na kando yake majina yake yote kwa lugha za avenue, matumizi yake, na nani asilitumie: mwenye mimba, mtoto, mwenye dawa za sukari au za tansio. Mwiteni reko (mhamasishaji wa afya) wa mtaa au muuguzi alisome kabla halijaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Na ikitokea mtu amekunywa akadhurika, msimtapishe, msimnyweshe maziwa wala mawese. Chukueni kikombe na mabaki yake, chumeni tawi la mmea uleule, mkimbie navyo pamoja na mgonjwa. Muuguzi hatawauliza nani alikosea. Atauliza ni nini, na hapo pia msimpe jina, mpeni jani.