TB Haikai Kifuani Tu

Wadogo zangu, swali mnaloniuliza sana ni hili: "Dada, ndoa ina miaka mitatu, mimba haiingii. Ninywe dawa gani ya kusafisha mirija?" Kabla hujamtumia hela muuza chupa wa mtandaoni, nikuulize: umewahi kuugua kifua kikuu, au kuishi na aliyeugua?

Usishangae. Vijidudu vya TB huanzia mapafuni, vikapita kwenye damu hadi mirija ya uzazi, vikatulia humo hata miaka. Hukohoi wala hukondi. Huenda hedhi imekuwa matone tu au imekata, au kinena kinauma kila mara. Wengine hawaoni dalili yoyote zaidi ya mimba kutoingia. Kumbe mirija imeshaziba kwa makovu, au kuta za mji wa mimba zimegandana, mimba haina pa kujishikiza.

Basi usiridhike na kipimo cha makohozi. Mweleze daktari wa akina mama historia yako yote. Atachukua kinyama kidogo ndani ya mji wa mimba kipimwe maabara, na mirija ipigwe picha. Na mume apimwe mbegu, usibebe lawama za mawifi peke yako.

Ikigundulika, dawa ni zilezile za TB ya mapafu, kwa kawaida miezi 6, na kwenye vituo vya serikali hapa Tanzania ni bure. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa usitishike, ni rifampisini hiyo. Hiyohiyo hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, kwa hiyo ongea na nesi mapema.

Sikufichi: dawa huua vijidudu, haifuti kovu. Ndiyo maana nasema wahi. Wapo wanaopata mimba baada ya tiba. Wengine huhitaji kupandikizwa mimba, ikiwa mji wa mimba bado mzima.

Ukichelewa siku zako baada ya tiba, kapime mimba na upige utrasaundi mapema, kwani mrija wenye kovu unaweza kunasa mimba nje ya kizazi. Maumivu makali ya tumbo na kizunguzungu? Hospitali, saa hiyohiyo.

Na ukishika mimba ukiwa kwenye dozi, usiiache. Mwambie daktari tu. Vidonge vya kawaida vya TB hutumika ujauzitoni. Kinachoepukwa ni sindano ya streptomaisini, inayoweza kudhuru masikio ya mtoto. TB isiyotibiwa ndiyo hatari kwenu wote wawili.