Tusome Jiwe la Ujiji



Tangu ulipojua kusoma umemaliza kitabu cha kwanza na cha pili. Labda umesoma hata barua ya mtoto wako aliye mbali, bila kumwomba jirani akusomee. Leo tutasoma kitu kingine. Tutasoma jiwe.

Jiwe hilo liko Ujiji. Kama unakaa Mwanga, si safari. Shika barabara itokayo Kigoma mjini, ipite Mwanga, uteremke nayo mpaka Ujiji. Ukifika, uliza kwa Livingstone. Hata mtoto atakuonyesha. Utaona ukumbusho wa mawe wenye ramani ya Afrika, na juu ya ramani msalaba. Pembeni kuna miembe. Wazee husema miembe hiyo ni vizazi vya mwembe wa zamani uliokufa.

Maandishi ya jiwe ni machache. Yanasema kwamba chini ya mwembe uliokuwa hapo, Stanley alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871.

Watu hao walikuwa nani? David Livingstone alikuwa mganga na mmisionari kutoka Scotland. Alikuwa akitafuta chanzo cha mto Naili. Miaka mingi ilipita, na huko Ulaya watu hawakujua kama yu hai au amekufa. Gazeti moja la Marekani likamtuma mwandishi wake, Henry Morton Stanley, amtafute. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871. Alipita Tabora, ambako vita vya Mtemi Mirambo vilikuwa vimefunga njia, akazunguka kusini. Alifika Ujiji baada ya karibu miezi minane. Alimkuta Livingstone amedhoofika na hana kitu. Bidhaa alizoletewa kutoka pwani zilikuwa zimeuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza.

Sasa sikiliza jambo la kushangaza. Tarehe iliyo kwenye jiwe ni ya Stanley. Ukifuata daftari la Livingstone mwenyewe, siku hiyo inaangukia mwezi Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua njiani, na mtu mwenye homa hupoteza hesabu ya siku. Kwa hiyo jambo likiandikwa, hata juu ya jiwe, bado tuna haki ya kuuliza: nani aliandika, na alijuaje?

Nilikwenda huko na darasa langu siku moja. Mama mmoja, ambaye mwaka uliotangulia hakujua kuandika jina lake, alisoma maneno ya jiwe herufi kwa herufi, maana hayakuwa ya Kiswahili. Nikamweleza maana yake. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mwalimu, na waliobeba mizigo? Majina yao yako wapi?"

Hayapo. Jiwe limetaja watu wawili tu. Basi tuwataje sisi baadhi yao.

Aliyewaongoza wapagazi wa Stanley alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Yeye alikuwa Myao. Alikamatwa utotoni, akauzwa utumwani, akapelekwa mpaka India. Baadaye alipata uhuru wake akarudi Afrika. Mwaka 1858 alifika Ujiji pamoja na Waingereza wawili, Burton na Speke, ambao vitabu vingi husema "waligundua" Ziwa Tanganyika. Mvuvi wa Ujiji akisikia hivyo atacheka. Basi Stanley alipokuja, Bombay alikuwa ameijua njia hiyo kwa miaka 13.

Na aliyetoka mbio kumpokea Stanley kwa salamu alikuwa mtumishi wa Livingstone, jina lake Susi. Livingstone alipokufa mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi na mwenzake Chuma na wenzao wengine hawakumtupa. Walizika moyo wake chini ya mti. Walikausha maiti yake juani, wakaifunga, wakaibeba kwa miguu mpaka Bagamoyo. Walitembea karibu miezi tisa. Kwa maoni yangu kazi hiyo inastahili jiwe lake.

Wapagazi wengine walikuwa mamia na maelfu, mwaka baada ya mwaka. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani. Kutoka pwani walileta nguo, shanga na nyaya za shaba. Kutoka Ujiji walirudi na pembe za ndovu. Wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira.

Lakini katika njia hiyo hiyo walipita watu ambao hawakuwa huru. Walitekwa ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Manyema na kwingineko Kongo, wakavushwa kwa mitumbwi, wakatembezwa wamefungwa. Wengi walikufa njiani. Wengine walibaki Ujiji na kuzaa humo. Pia walikuja watu huru kutoka ng'ambo, wakajenga wakakaa. Kwa hiyo mtu asimwulize mwenzake asili yake kwa dharau. Mtumwa hakutenda kosa. Aibu ni ya aliyemnunua na aliyemuuza.

Njia hiyo ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Kwihara mpaka Ujiji, serikali yetu iliipeleka UNESCO mwaka 2006 iwekwe katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia.

Utashangaa pia kuona kwamba jiwe liko mbali na maji. Wakati wa Livingstone ziwa lilikuwa juu zaidi. Kisha maji yalifungua njia upande wa Kongo, katika mto Lukuga, yakashuka sana. Miaka ya karibuni yamepanda tena, na watu wa mialoni wamehama. Ziwa letu halikai pahali pamoja.

Ujiji ulipoteza biashara yake reli ilipofika. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika ziwani mwaka 1914. Hawakuipeleka Ujiji. Waliipeleka Kigoma, kwa sababu ghuba yake ina kina kizuri kwa meli. Stesheni yao ungali unaiona pale mjini.

Reli ndiyo iliyoleta meli iitwayo leo Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000 hivi, ikaja kwa bahari halafu kwa treni. Ikaunganishwa tena Kigoma na kuteremshwa majini mwaka 1915. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana Mjerumani. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wakishindwa vita, wakaamua kuizamisha wenyewe. Lakini mafundi wake walipaka injini grisi nyingi kwanza. Fundi hapendi kuua kazi ya mikono yake! Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta injini bado ni nzima. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Hilo ni jina ambalo watu wa kusini waliita ziwa lenyewe.

Miaka mingi ilibeba abiria, dagaa na mahindi mpaka Mpulungu, Zambia. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi kwao Kongo. Mwaka 2015 iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Ilisimama mwaka 2018, ikiwa na umri wa zaidi ya miaka 100 tangu iundwe.

Gombe, kwenye sokwe, tutapasoma katika somo lijalo.

KAZI YA DARASA

1. Toa mwaka 1871 katika mwaka huu. Ni miaka mingapi imepita?

2. Kwa nini tarehe ya Stanley na ya Livingstone hazilingani?

3. Zungumzeni: kama mngeandika jiwe jipya Ujiji, mngeweka majina gani?

4. Nenda kwa mzee mmoja wa kijiji chako. Mwulize juu ya mti, nyumba, kaburi au njia ya zamani iliyo karibu. Andika mistari mitano katika daftari lako. Andika pia jina la mzee aliyekueleza, na tarehe. Lete darasani wiki ijayo.