Triathloni: Kubadilisha Mchezo Bila Kupoteza Muda

Triathloni ni shindano moja lenye michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Muda huhesabiwa tangu kuanza kuogelea hadi mstari wa mwisho, hata mshindani anapoinama kuvaa viatu. Katika masafa ya Olimpiki, yaliyoingizwa kwenye michezo hiyo mjini Sydney mwaka 2000, huogelewa kilomita 1.5, huendeshwa kilomita 40 na hukimbiwa kilomita 10. Ni vizuri anayeanza aanzie masafa mafupi, ambayo ni nusu ya hayo.

Mabadiliko ni mawili: kutoka majini kwenda kwenye baiskeli, na kutoka kwenye baiskeli kwenda mbioni. Sekunde zinazookolewa hapo hazidai mapafu makubwa, zinadai mpangilio tu. Nazo zina thamani: katika Olimpiki ya London mwaka 2012, Nicola Spirig na Lisa Nordén walimaliza kwa muda uleule baada ya karibu saa mbili, na dhahabu ikaamuliwa kwa picha ya mstari wa mwisho.

Anayetoka majini huvua kofia na miwani huku akikimbia. Kama amevaa suti ya mpira, huishusha hadi kiunoni njiani, na akifika kwenye baiskeli humalizia kuivua kwa kuikanyaga. Kinachofuata ni helmeti: huvaliwa na kufungwa kidevuni kabla baiskeli haijaondolewa mahali pake. Kisha baiskeli husukumwa hadi kupita mstari wa kupandia, na hapo ndipo huruhusiwa kupanda. Jonathan Brownlee alipanda mapema kidogo katika shindano la wanaume la London, akatozwa adhabu ya sekunde 15. Hata hivyo alipata shaba.

Wakati wa kurudi, mshindani hushuka kabla ya mstari wa kushukia. Helmeti hubaki imefungwa mpaka baiskeli irejeshwe mahali pake. Wageni wengi hukosea hapa, kwani mkono hukimbilia kidevuni mapema. Halafu huvaliwa viatu vya kukimbilia, ambavyo kamba za mpira huvifanya viingie mguuni bila kufungwa, na namba iliyo kwenye mkanda huzungushwa kutoka mgongoni kuja mbele.

Hatua za kwanza za mbio huwa nzito, miguu ikiwa bado imezoea mzunguko wa pedali. Dawa yake ni mazoezi ya kuunganisha: kuendesha baiskeli, kisha kukimbia papo hapo, hata kwa dakika 10. Kuvaa na kuvua nako hurudiwa uwanjani nyumbani, mwili ukiwa umelowa, maana soksi isiyosumbua mguu mkavu hugoma kwenye mguu wenye maji.

Asubuhi ya shindano vifaa hupangwa juu ya taulo dogo kwa mfuatano wa kutumika, helmeti ikiwa juu ya usukani, mikanda wazi. Baiskeli huachwa kwenye gia nyepesi. Kisha mshindani hutembea kwa miguu kutoka ukingo wa maji hadi kwenye baiskeli yake akihesabu safu, kwa sababu anaporudi kwa kasi, macho yakiwa bado na maji, baiskeli zote hufanana.