Lima Kabla ya Mvua

Somo: Hosea 10:12, Yeremia 4:3, Waebrania 12:15

Wapendwa, mwaka jana mvua ya Novemba ilinikuta sijalima. Nikachukua jembe, nikakwaruza juu juu nyuma ya nyumba, nikapanda sukuma wiki. Udongo wetu wa Malili mnaujua: kiangazi unapasuka nyufa, mvua ikinyesha unanata kwa viatu. Maji yalisimama, miche ikageuka manjano, ikaoza. Mama mmoja mzee akaniambia, "Pasta, hapa hukulima, ulikuna tu."

Mwaka huu nimeanza Septemba, na Mungu amenifundisha mambo matatu.

1. Chimba chini. Jioni namwagia maji kipande kidogo ili udongo ulainike, asubuhi naingia na jembe la uma. Udongo wa juu naweka kando, wa chini navunja hadi futi moja na nusu, nachanganya na samadi iliyooza, kisha narudisha. Tuta linainuka na maji yanapata njia. Moyo usiovunjwa hivyo, mahubiri husimama juu yake kama yale maji.

2. Ng'oa mizizi. Sangari ukiikata kwa jembe, kila kipande kinachipuka upya. Inabidi upige magoti, uiokote kwa mkono. Nikiwa pale chini, Roho alinikumbusha ndugu yangu. Tuligombana juu ya mpaka wa shamba la baba. Mbele ya wazee tulishikana mikono, lakini mimi nilikata majani tu. Miaka mitatu sikuingia kwake, na kila Jumapili nawahubiria msamaha! Siku hiyo nikanawa matope, nikaenda. Mpaka bado hatujaumaliza, lakini nilimwomba msamaha, na tulikunywa chai.

3. Usingoje mvua. Hosea anataja kulima udongo mgumu kabla ya kutaja mvua. Yeremia naye anakataza kupanda penye miiba. Sisi tunakesha tukiombea uamsho, na ni vizuri. Lakini mvua ikikuta hatujalima, itasimama juu na kutuozesha miche.

Wiki hii, kila mmoja ajiulize: ni mzizi gani nilikata juu nikauacha chini? Taja jina la mtu huyo katika maombi, halafu inuka uende kwake. Ukiwa na nafasi nyumbani, andaa hata tuta moja. Mvua iko karibu.

Bwana awabariki. Amina.